Je, 2147483647 haigawanyiki kweli?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeandika kaunta kwenye kompyuta. Ilipofika 2147483647 nikaongeza moja, ikarukia namba hasi! Mwenzangu anasema hiyo ni namba tasa. Nimeigawa kwa 3, 7, 11 na 13 hadi nikachoka. Kuna njia ya kuhakikisha bila kujaribu kila namba?

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi, na uthibitisho upo tangu 1772. Aliutoa mwanahisabati Leonhard Euler, tena macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa.

Kaunta yako inatumia biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Moja ni ya alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikijaa unapata 2 kwa kipeo cha 31, kutoa 1. Ndiyo namba yako.

Kuthibitisha kwamba ni tasa, inatosha kupima namba tasa zisizozidi kipeuo chake cha pili, yaani 46340 na ushee. Zipo 4792. Wewe umepima nne, kwa hiyo sikushangai kuchoka. Ila hizo nne hazikuwa na nafasi tangu mwanzo.

Tuseme namba tasa p inaigawa namba yako bila baki. Anza na 1, zidisha kwa 2 tena na tena, kila mara ukibakiza baki la kugawa kwa p. Baada ya hatua 31 utarudi kwenye 1. Mzunguko mfupi zaidi hauwezekani, maana ungelazimika kuigawa 31, nayo 31 ni tasa. Mwanahisabati Fermat naye alishagundua kwamba hatua p − 1 lazima zikurudishe kwenye 1. Basi 31 inagawa p − 1, na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa, hivyo 62 pia inagawa p − 1. Hebu jaribu kwa 13: 12 haigawanyiki kwa 62. Kwaheri 13.

Lipo na sharti la pili, ambalo uthibitisho wake ungekula ukurasa huu wote: p ikigawanywa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti yote mawili, p ikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Chukua kalamu. 63 si tasa. 249 ni 3 × 83. 311 ni tasa: inaingia mara 6905092, linabaki 35. Tasa inayofuata yenye kutimiza masharti hayo ni 1303, baki 226. Kisha 1489, baki 199. Ukiendelea hivyo hadi 46340 utakuta namba 84 tu za kupima, na hakuna hata moja inayogawa bila baki. Kwa mtu mvumilivu hiyo ni kazi ya karatasi chache.

Kuhusu kaunta, hamia biti 64. Kikomo kitakuwa 9223372036854775807. Hiyo usiihangaikie: ni 2 kwa kipeo cha 63, kutoa 1. 63 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo namba yenyewe inagawanyika kwa 2 kwa kipeo cha 3, kutoa 1, yaani 7.