Maswali ya Wasomaji: Kufungua Programu kwa Kuandika Amri

Swali: Ndugu Mhariri, nikibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha nikaandika winword katika kisanduku kinachotokea, Word hufunguka bila shida. Neno hilo hilo nikiliandika katika dirisha jeusi la amri (Command Prompt), naambiwa kwamba amri hiyo haitambuliki, ingawa notepad hufunguka kotekote. Je, kompyuta yangu ina hitilafu?

Jibu: Haina. Kisanduku cha Run na dirisha la amri havitafuti programu mahali pamoja, na hilo huwakanganya wengi kwa kuwa neno linaloandikwa ni lile lile. Katika dirisha la amri, kompyuta huangalia kwanza kama neno lako ni amri ya ndani, kama vile dir au cd. Lisipokuwa hivyo, hutafuta faili lenye jina hilo ndani ya folda uliyomo, kisha hupitia folda zilizoorodheshwa katika PATH, yaani orodha ya mahali pa kutafutia programu, moja baada ya nyingine, kwa mpangilio zilivyoandikwa. Lisipopatikana humo, utafutaji huishia hapo, hata kama programu yenyewe imo ndani ya diski.

Notepad kwa kawaida imo katika folda ya Windows, ambayo PATH inaitaja. Word, kwa upande wake, hukaa ndani kabisa ya Program Files, ambako PATH haifiki. Hata hivyo, siku ilipowekwa kwenye kompyuta, Word iliandikishwa katika rejista ya Windows, yaani daftari la mipangilio yake, kwenye sehemu iitwayo App Paths, na daftari hilo kisanduku cha Run hulisoma. Ukitaka kujionea mwenyewe, andika where notepad, nawe utaonyeshwa mahali programu hiyo ilipo; ukiandika where winword, utaambiwa haikupatikana.

Dawa yake ni fupi: andika start winword. Amri ya start hupitia njia ile ile ya kisanduku cha Run, kwa hiyo Word itafunguka. Wapo wanaoshauri kuongeza folda ya kila programu katika PATH. Kwa programu moja au mbili sioni haja ya kujisumbua hivyo.

Swali: Nina faili liitwalo Ripoti ya mwaka.docx. Nikiliita kwa jina, kompyuta hulalamika kuhusu neno «Ripoti» peke yake. Nilipoambiwa nitangulize start na kulifunga jina kwa alama za nukuu, lilifunguka dirisha jingine jeusi, tupu.

Jibu: Lalamiko la kwanza linatokana na nafasi zilizo kati ya maneno. Kwa kompyuta, nafasi ndiyo mwisho wa jina la amri. Yanayofuata huhesabiwa kuwa maelezo ya ziada. Ndiyo maana jina zima hufungwa kwa alama za nukuu, nawe ukiwa ndani ya folda yenye faili hilo, inatosha kuandika:

"Ripoti ya mwaka.docx"

Word itafunguka yenyewe, kwa sababu Windows inajua mafaili yanayoishia na .docx ni ya programu gani.

Dirisha tupu ni kisa kingine, nami nakiri kwamba kiliwahi kunipotezea muda mwingi. Amri ya start huchukulia maneno ya kwanza yaliyo ndani ya alama za nukuu kuwa kichwa cha dirisha jipya. Tazama juu ya dirisha hilo tupu, utakuta pameandikwa jina la ripoti yako. Ipe basi kichwa kisicho na kitu, kisha jina la faili:

start "" "Ripoti ya mwaka.docx"

Tena, si lazima uandike jina lote. Andika Rip, bonyeza kitufe cha Tab, nayo kompyuta italimalizia jina na kuweka alama za nukuu yenyewe.

Swali: Je, amri hizi zinafaa pia katika Linux na Mac?

Jibu: Wazo ni hilo hilo, maneno ni mengine. Katika Mac faili hufunguliwa kwa open, na katika Linux nyingi zenye madirisha kwa xdg-open. Kumbuka kwamba Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na kwamba mifumo yote miwili haitafuti programu katika folda uliyomo mpaka utangulize ./ mbele ya jina.

Swali: Ukurasa mmoja wa intaneti ulinitaka nithibitishe kwamba mimi ni binadamu kwa kubonyeza Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Nifuate?

Jibu: Usifuate. Ukurasa huo umekwisha kunakili amri kimyakimya, nawe unatakiwa uibandike katika kisanduku cha Run na kuiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Mara nyingi amri hiyo hupakua programu ya kuiba nywila. Kama umekwisha kubonyeza Enter, tenganisha kompyuta na intaneti, ichunguze kwa programu ya kuzuia virusi, na ubadilishe nywila zako kwa kutumia kifaa kingine.