Jibu: Chubwi za kuokota HAZIDONDOSHWI kwenye risasi iliyoyeyuka

Mkuu, usiwashe hilo jiko. Umeandika una ndoo ya chubwi kuukuu (vile vizito vya madini ya risasi vya mshipi wa kuvulia) za kuokota ufukweni huko Kigombe, Tanga, unataka kuzisubu upya, utayeyusha nusu, halafu zilizobaki "utazidondosha moja moja ziwahi kuyeyuka". Ukauliza na kalibu (chombo cha kumiminia) ipi nzuri, uzito gani kwa kina gani, na bei ya kuuzia. Hayo yasubiri. Hapo kwenye moja moja ndipo watu wanapopotezea macho.

Maji yanachemka nyuzi 100, risasi inayeyuka nyuzi 327. Chubwi iliyolala baharini, hata uianike juani kutwa nzima, ina tundu la kupitishia mshipi, na tundu hilo limejaa mchanga, chumvi na vipande vya makome. Nje kavu, ndani mbichi. Chumvi yenyewe inavuta unyevu, na hewa ya Tanga unaijua. Sasa ukiidondosha chunguni haielei. Risasi ngumu ni nzito kuliko iliyoyeyuka, kwa hiyo inazama mpaka chini pamoja na maji yake. Tone la maji likiangukia juu ya risasi ya moto mara nyingi linachachatika na kurusha vitone, nayo si salama. Lakini likibanwa chini, linageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600 kufumba na kufumbua. Njia ya kutokea ni juu tu, na linatoka na risasi yote iliyolifunika, wewe umeinama unachungulia kama imeiva. Risasi haimwagiki ikaisha kama chai. Inagandia kwenye ngozi na kuendelea kuunguza.

Na huyo mjuaji wa kijiweni aliyekufundisha moja moja, maneno yake nayajua: "sisi miaka yote tunafanya hivyo." Anayasema akiwa amekaa mbali na moto, kikombe cha kahawa mkononi. Anayeinama ni wewe. Yeye ukiungua atasema hukuwa na bahati. Bahati gani? Ni maji!

Shika hili moja: KILA CHUBWI IINGIE CHUNGUNI KABLA CHUNGU HAKIJAPATA MOTO. Gonga chubwi, zokoa matundu kwa msumari, suuza chumvi kwa maji baridi ya bomba, anika. Zipange zote chunguni kabla hujawasha, kisha anza na moto mdogo. Unyevu uliojificha utaondoka wenyewe kwenye nyuzi 100, risasi ikiwa bado ngumu. Chungu kikipungua, usiongeze. Mimina yote, acha kipoe, panga upya, washa upya. Ndiyo, mkaa unaisha. Mkaa unauzwa, jicho haliuzwi.

Upawa wa kuchotea nao una hatari hiyohiyo ya maji. Ukitoka baridi kwenye ndoo na kuzamishwa ghafla, unyevu wake unarusha risasi. Uning'inize juu ya moto kwanza. Usifanyie uwanjani masika, wala usiinamie chungu huku jasho linadondoka puani. Simama upepo ukikupiga mgongoni, vaa miwani ya fundi ya kukinga macho, shati la mikono mirefu la pamba, suruali iliyofunika viatu. Najua mtaniita mwoga. Mwoga ana nyusi zake zote mbili.

Chungu kiwe cha chuma kizito, si sufuria ya alumini. Nusu lita ya risasi ina zaidi ya kilo tano, na mkaa uliopepewa unaweza kuvuka nyuzi 660 ambazo alumini yenyewe inayeyuka, kitako kikatoboka na mzigo ukashukia miguuni. Chungu hicho kisirudi kupikia tena, hata kama mama watoto anakitaka. Ukitafuta risasi zaidi, betri za gari usizipasue kabisa, zina tindikali, na vumbi na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto. Vile vipande vya kubalansi tairi vinafaa, ila chagua: kinachokatika kwa koleo ni risasi, kigumu kinacholia ukikiangusha sakafuni ni zinki au chuma. Zinki inayeyuka nyuzi 419, kwa hiyo usikoleze moto, ikielea juu kama uji mzito ichote uitupe.

Kalibu ya alumini ndiyo rahisi. Ifukize kwa moshi wa kibatari mpaka ndani pawe peusi, risasi itatiririka vizuri na chubwi itabanduka. Ipashe joto kwanza, maana kalibu baridi inatoa chubwi yenye makunyanzi, na kalibu baridi ndiyo yenye umande. Ya udongo kama haijachomwa, au ya mchanga wa pwani uliolowa, ni tatizo lilelile la maji, ila sasa limehamia mkononi mwako. Waya wa kitanzi nao uwe mkavu, usiutoe kwenye kikapu cha mishipi.

Ukishapanga chungu chako kikiwa baridi, piga picha uilete hapa kabla hujawasha.