Ukiuziwa hisa za kampuni unayoifanyia kazi, uliza kwanza utatokaje

Serikali ikitangaza kwamba shirika linabinafsishwa, na mabosi wakaja kuwaambia wafanyakazi "tulinunue wenyewe", watu wengi huuliza bei ya hisa. Mimi nashauri swali la kwanza liwe hili: siku mwekezaji mkubwa akitaka kuuza, mimi nitakuwa na sauti gani?

Nilikuwa dirisha la tiketi Uingereza wakati British Rail, shirika la reli la serikali, inavunjwavunjwa katikati ya miaka ya 1990. Sisi pia tuliletewa fomu za hisa. Nilinunua chache kwa akiba yangu, bila mkopo, na hadi leo naona nilifanya vyema. Siku hizi jamaa zangu walioajiriwa katika mashirika ya umma huko nyumbani hunipigia kuniuliza, na jibu langu ni refu kuliko muda wa simu.

Jua kwanza unanunua nini hasa. Sheria ya Reli ya mwaka 1993 iliigawa British Rail vipande vingi. Njia za reli na ishara zake zilikwenda kwa kampuni ya Railtrack. Treni zenyewe ziligawiwa kampuni tatu za kukodisha: Angel, Eversholt na Porterbrook. Huduma ya abiria ikakatwa kuwa kampuni 25, kila moja ikitolewa kwa zabuni kwa mkataba wa miaka kadhaa, mingi ikiwa saba hivi. Kwa hiyo kampuni ya abiria ilikodi treni, ililipia kupita njiani, na kwa kawaida ilipewa ruzuku iliyopangwa kupungua mwaka hadi mwaka. Ukiondoa mkataba huo wenye tarehe ya kwisha, kilichobaki cha kununua kilikuwa wafanyakazi wenyewe.

Sasa tazama upande wenye mali. Porterbrook nayo ilinunuliwa na menejimenti yake, Januari 1996, kwa pauni milioni 528. Kabla mwaka haujaisha, Stagecoach, kampuni ya mabasi na treni, wakainunua kwa takriban milioni 825. Mkurugenzi wake aliyeweka pauni laki moja na ushee alipata zaidi ya milioni 30. Serikali haikuwa imeweka kifungu cha kudai sehemu ya faida hiyo, na inaniuma hadi leo, kwa sababu treni zile zilinunuliwa kwa kodi za watu. Lakini kwa mfanyakazi funzo liko wazi: utajiri ulikuwa kwenye treni na mikataba ya kuzikodisha, na karani wa tiketi au dereva hakualikwa huko.

Kwenye abiria hadithi ilikuwa nyingine. Great Western, moja ya zile kampuni 25, ilianza Februari 1996, wafanyakazi na menejimenti wakiwa na asilimia 51, zilizobaki zikiwa za kampuni ya mabasi ya FirstBus na mfuko wa uwekezaji wa 3i. Asilimia 51! Kwenye karatasi wenye nyumba ni ninyi. Mwaka 1998 kampuni yote ikawa ya FirstGroup, ndiyo FirstBus kwa jina jipya. Thames Trains, ambako wafanyakazi na menejimenti walikuwa na asilimia 35, mwaka huohuo ikamezwa na mbia wake, Go-Ahead. Mfuko wa uwekezaji huingia ukiwa tayari na mpango wa kutoka, na hilo si dhambi, ndiyo kazi yake. Tatizo ni mfanyakazi anayeingia akidhani wote wamekuja kukaa.

Kati ya kampuni za abiria, Chiltern ndiyo ninayoipenda. Menejimenti chini ya Adrian Shooter iliichukua Julai 1996 pamoja na kampuni ya ujenzi ya John Laing na 3i, wakaongeza njia ya pili pale palipokuwa na moja, kati ya Princes Risborough na Bicester, na mwaka 2002 wakapata mkataba wa miaka 20. Hata hivyo John Laing walikuwa wameshachukua hisa nyingi tangu 1999. Huduma nzuri ilidumu. Umiliki wa wafanyakazi haukudumu.

Waangalie pia mabosi wanaoongoza zabuni, maana kwa wakati mmoja wao ni wanunuzi na ndio wanaoendesha kinachouzwa. LTS, reli ya London hadi Southend, ilikuwa imeshapewa menejimenti yake. Mauzo yakasimamishwa dakika za mwisho, Februari 1996, baada ya kugundulika kwamba tiketi zilitolewa kwa namna iliyohamishia LTS mapato ya London Underground, treni za chini ya ardhi za London. Mkataba ukaenda kwa kampuni nyingine, Prism.

Kwa hiyo usikope kununua hisa hizi, wala usitie rehani nyumba. Mshahara wako tayari unategemea kampuni hiyohiyo. Ikianguka utapoteza vyote viwili. Kabla ya kusaini, omba mkataba wa wanahisa mzima, si kipeperushi. Tafuta kifungu kinachokulazimisha kuuza wakubwa wakiuza, kinachosema bei yako itapangwa na nani, na hisa zako zitakuwaje ukiacha kazi au ukistaafu. Mpelekee mwanasheria anayelipwa na chama chenu cha wafanyakazi, siyo yule wa menejimenti. Wakikuambia muda hautoshi kuusoma, usitoe hela.