Viza ya masomo Ujerumani: kazi ya wakala inaishia wapi

Wadogo zangu mliopata udahili Ujerumani, swali lenu ni lile lile: nitafute wakala? Jueni kwanza asichoweza. Wakala hana foleni yake ubalozini. Ada ya viza ya muda mrefu ni euro 75, uwe naye au usiwe naye, na miadi ya ubalozi hailipiwi. Anayekuuzia miadi, au anayejisifu kuwa ana mtu wake ndani, muage.

Kazi kubwa ni pesa. Ubalozi unataka kujua utaishije mwaka wa kwanza, na wengi huthibitisha kwa Sperrkonto, yaani akaunti ya benki yenye kizuizi: unaweka euro 11,904, halafu ukishafika unatolewa euro 992 tu kwa mwezi. Akaunti iwe kwa jina lako, na nywila ukae nayo mwenyewe. Wapo mawakala wanaokukopesha hela ya kuonyesha kisha wanaichukua. Hata viza ikitoka, utashuka Frankfurt Oktoba, baridi imeanza, mwenye nyumba anadai kodi na akaunti haina kitu. Kama una ndugu anayeishi kule na kipato chake kinatosha, anaweza kukudhamini rasmi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake. Hapo Sperrkonto huihitaji.

Barua ya kueleza nia andika mwenyewe, hata kama Kiingereza chako kinachechemea. Barua za mawakala zinafanana kama sare za shule, na ofisa ameshazizoea. Ukiulizwa kwa nini mtu wa uhasibu anakwenda kusomea mazingira, wakala hayupo chumbani.

Simkatai kila wakala. Kama intaneti inakusumbua au fomu zinakuchanganya, mlipe mtu akusaidie kujaza na kupanga nyaraka. Mlipe kwa kazi hiyo, akupe risiti, na pasipoti usimwachie. Anayetaka asilimia "viza ikitoka" ana sababu ya kukughushia taarifa ya benki, na ikigundulika jina linalochafuka ni lako.

Tena siku hizi kosa ni ghali zaidi. Tangu Julai 1, 2025 Ujerumani imefuta utaratibu wa kuuandikia ubalozi barua ya kupinga uamuzi. Ukinyimwa, unaomba upya na kulipa ada upya, au unafungua kesi Berlin. Kwa hiyo kabla fomu haijatumwa, isome yote mwenyewe, mstari kwa mstari, na ubaki na nakala yake.