Nimetolewa Kwenye Kwaya, Nimewekwa Mlangoni

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Kwa muda mrefu nilikuwa mwenyekiti wa kwaya ya usharika wetu. Uchaguzi uliopita wamechaguliwa vijana, nami nimepangiwa kupokea watu mlangoni na kusimamia mnada wa mazao baada ya ibada. Wakiimba, moyo unaniuma. Nikubali tu, au nimwone mchungaji? – Mama wa Marangu, Moshi

JIBU: Asifiwe, mama. Kwanza fungua Hesabu sura ya 4 na ya 7. Walawi, kabila la kuhudumu ibadani, waligawiwa kwa koo mizigo ya hema la ibada jangwani. Wakohathi walibeba sanduku la agano na vyombo vitakatifu mabegani, Wagershoni mapazia, Wamerari mbao, nguzo na vitako, yaani misingi ya kusimamishia mbao na nguzo. Nani angetamani kuwa Mmerari? Lakini vitako vya fedha vilikuwa 100, kila kimoja talanta moja, takribani kilo 34, na bila hivyo hema halisimami. Ndiyo maana Wamerari walipewa magari 4 na ng'ombe 8, Wagershoni magari 2 na ng'ombe 4, Wakohathi hata moja hawakupewa. Tena vyombo vya Wamerari viliagizwa vitajwe kimoja kimoja kwa jina, pamoja na vigingi na kamba.

Aliyeasi hakuwa Mmerari. Alikuwa Kora, Mkohathi, wa ukoo uliobeba sanduku lenyewe, akautaka na ukuhani (Hesabu 16). Kwa hiyo usidhani kurudishiwa uenyekiti ndiko kutakakoponya uchungu huo. Kora aliangamia, lakini wanawe hawakufa naye (Hesabu 26:11). Uzao wake ukawa mabawabu, yaani walinda mlango (1 Nyakati 9:19), na Zaburi ya 84, inayochagua ubawabu nyumbani mwa Mungu, ni ya wana wa Kora. Waimbaji na walinda mlango, ukoo mmoja!

Sasa kazi yenyewe. Mlangoni fika mapema kuliko washarika. Wazee wenye fimbo wakalishe pembeni mwa njia, wenye watoto wachanga karibu na mlango. Mnada ndio wenye mitego. Kila kitu kiandikwe kinapopokelewa, usingoje kuuza: mkungu, kuku, mayai. Maziwa yatangulie, jua likipanda yanaharibika. Kinachoua minada ni ahadi: mtu anabeba ndizi, "nitaleta Jumapili," na daftari halina jina lake. Andika jina, bei na tarehe, asaini. Fedha zihesabiwe na watu wawili au watatu, mweka hazina asaini kabla hamjatawanyika.

Mchungaji mwone kama ulisingiziwa, au kama miguu haivumilii kusimama. Kuridhika si kunyamazia dhuluma. Kama uchaguzi ulikuwa halali, usiende kulalamika. Na kuimba hujakatazwa: mwombe mwalimu wa kwaya akupokee kama mwanakwaya wa kawaida, na ukiwa na la kumshauri mwenyekiti mpya, mwambie mkiwa wawili, si mbele ya wenzake.