Usiifute WhatsApp, futa video

Ndugu, unasema simu imejaa na unataka kuifuta WhatsApp kisha uiweke upya. Usiiguse kabla hujahifadhi nakala ya mazungumzo, la sivyo yatapotea yote. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp yenyewe, sehemu ya hifadhi na data, ufungue usimamizi wa hifadhi. Hapo utaona kila kundi limekula nafasi kiasi gani, na mafaili yanayozidi MB 5 yamekusanywa pamoja. Anza na hayo, kisha yale yaliyosambazwa mara nyingi (mengi ni salamu za asubuhi, hutayalilia). Halafu zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Kuzificha tu zisionekane kwenye galari hakupunguzi kitu. Bado zimo humo humo.