Re: Monita kubwa inapunguza fremu za gemu?
Mkuu hizo inchi wala zisikupe presha. Umeuliza ukitoka monita ya inchi 24 kwenda 27 kama gemu zitaanza kukwama, jibu ni hapana kama zote mbili ni 1080p, maana kadi ya grafiki haijui kioo kina ukubwa gani, yenyewe inahesabu pikseli tu (vile vidoti vinavyounda picha) na hapo ni zilezile 1920 kwa 1080, kama milioni 2 hivi kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Kinachoibana kadi ni resolusheni, yaani idadi ya hizo pikseli. Ukipanda 1440p unafika karibu milioni 3.7, af 4K ni milioni 8.3, yaani mara nne ya 1080p, hapo kadi ya kawaida itahema tu. Sio kwamba fremu zitagawanyika kwa nne kamili, prosesa nayo ina kazi zake ambazo hazibadiliki sana, ila kushuka zitashuka.

Shida ya 27 kwenye 1080p ni muonekano, pikseli zinakuwa kubwa, ukikaa karibu maandishi yanaota meno meno. Mimi 27 ningechukua ya 1440p, gemu ikiwa nzito unawasha DLSS au FSR, hizo ni mbinu ambazo picha inachorwa kwa resolusheni ndogo af inakuzwa, afadhali hiyo kuliko kushusha resolusheni ya monita nzima ikawa na ukungu.

Kadi yako ni ipi lakini? Na cheki hertz pia (mara ngapi monita inabadilisha picha kwa sekunde), 144 hutaifaidi kama kadi inatoa fremu 50 kwa sekunde